Mgeni akikuachia Kindle: niliyoyaongea Moshi kuhusu kusomea kwenye kidude, tableti na karatasi

(Niliongea haya Moshi kwenye kikao cha waongoza watalii na wapagazi, masika hii wageni hakuna, mlima Kilimanjaro umepoa. Mwenzetu mmoja alirekodi kwa simu, nami nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza tu zile "eeh" zilizozidi.)

Shikamooni wazee, na nyie wengine habari za mvua. Naona wagumu, yani wapagazi, mmejaa nyuma na waongozaji mmekaa mbele, yani hata kikao cha vitabu tunapangana kama tuko getini Machame, haya bana.

Mwenyekiti kanipa mada, kati ya Kindle na tableti na kitabu cha karatasi kipi bora. Nikisema Kindle leo namaanisha vile vidude vyote vya kusomea vitabu tu basi, iwe ni Kindle yenyewe ya Amazon, iwe Kobo, iwe PocketBook, maana hapa mjini vyote tunaviita Kindle na mi siwezi kubishana na mji mzima. Tableti ni iPad, Samsung, na vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 halafu vikagawiwa walimu. Walimu naona mnacheka, tunajua mnavyovitumia.

Jibu nalitoa sasa hivi ili anayewahi gari la Marangu aondoke nalo. Kwa kusoma kitabu kirefu mwanzo mpaka mwisho Kindle inaipiga tableti vibaya sana, hata sio mechi. Lakini kwa mtu wa hapa Moshi anayesoma Kiswahili, karatasi bado iko juu ya vyote, na itabaki hapo hadi mambo mawili yabadilike: vitabu vyetu viingie kwenye hivyo vidude, na ukinunua kitabu kiwe chako kweli. Hayo mawili ntayarudia, tulieni.

Tuanze na jinsi zinavyotufikia. Kindle nyingi nilizoziona hapa mjini hazikutoka dukani, zimeshuka na mlima. Mgeni kamaliza safari yake, kesho anaruka Zanzibar, anapunguza begi, anakuachia soksi, tochi ya kichwani, koti kama una bahati, na siku hizi wapo wanaokuachia na Kindle kwa sababu nyumbani kwao anayo mpya. Unaifungua juu unakuta jina la mwenyewe, ndani vitabu vyake vya mapenzi na upelelezi, unasoma kurasa mbili unaiweka kabatini. Au unaipeleka kwa fundi simu anakwambia hii bosi haiingii laini, thamani yake ndogo. Afu unaiuza kwa bei ya kutupa. Mi nasema usiiuze kabla hujajua ni nini umeshika.

Kioo chake sio kama cha simu. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana, upana wa unywele hivi, kila kifuko kina majimaji na humo zinaelea chembe nyeupe na nyeusi, zile nyeupe zina chaji ya upande mmoja wa umeme na nyeusi za upande mwingine. Umeme ukipita chini, nyeusi zinapanda juu au zinashuka, ndo inaandikika herufi. Na zikishapanda zinakaa hapo hapo, haitumii umeme tena mpaka ufungue ukurasa mwingine, ndo maana chaji inakaa wiki na wiki, na ndo maana hata ikiwa imezimwa bado unaona picha kwenye kioo, mtu mmoja Pasua alidhani yake imeungua akakaa nayo hivyo kipindi kizima cha mvua. Kampuni inayotengeneza vioo hivyo, E Ink, ilianzishwa 1997 na watu waliotokea chuo cha MIT huko Marekani, Sony wakatoa cha kwao Japani 2004, lakini iliyolipua soko ni Kindle ya Novemba 2007, walikuwa wanaiuza dola 399 na mzigo wa kwanza uliisha ndani ya saa tano na nusu.

Sasa faida yake kwa mtu wa mlimani. Uko kambi ya Horombo saa saba mchana, jua limesimama, toa simu yako usome, unaona uso wako mwenyewe. Toa Kindle, jua likizidi kuwaka ndo na maandishi yanazidi kuonekana, maana yenyewe inarudisha mwanga wa nje kama karatasi inavyofanya. Usiku zile zenye taa, kama Paperwhite zilizoanza 2012, taa zake ziko pembeni ya kioo zinamulika ukurasa, hazikumuliki wewe machoni kutokea nyuma. Uzito ni kama gramu 200, iPad ya kawaida inakaribia nusu kilo, na nyie wagumu mnaopimiwa kilo 20 getini mnajua gramu 300 zinaongea lugha gani siku ya tatu.

Ila tusidanganyane kuhusu baridi. Amazon wenyewe wanasema Kindle ifanye kazi kati ya nyuzi 0 na 35. Kambi ya Barafu usiku, au pale Kibo Hut mita 4,720, hizo nyuzi 0 unaziaga mapema, na yale majimaji niliyosema yakipoa chembe zinatembea taratibu, unafungua ukurasa mpya ule wa zamani bado unaonekana kwa mbali, betri nayo inashuka. Ilale na wewe ndani ya mfuko wa kulalia. Kitabu cha karatasi hakina habari na baridi, kinachoganda ni vidole vyako.

Na jambo lingine, kioo cha Kindle kwa ndani ni glasi nyembamba, mtu akikalia begi imekwisha. Simu ikivunjika kioo unashuka nayo mjini unachagua fundi, Kindle ikivunjika fundi wengi hawana hicho kioo na kukiagiza unaweza kukuta bora ungenunua nyingine iliyotumika. Shirika la Worldreader lililoanza 2010 lilipeleka Kindle mashuleni Ghana, na moja ya vitu vilivyowatesa mapema ilikuwa vioo kuvunjika mikononi mwa wanafunzi. Kwa hiyo mwalimu anayewaza kununua za shule nzima, weka kava ngumu kwenye bajeti kabla hujaweka chochote.

Tableti. Hapa sitakaa sana kwa sababu wote mnajua. Tableti ina kila kitu na hilo ndo tatizo lake. Umefungua kitabu, uko ukurasa wa nne, linaingia kundi la wasap la michango ya harusi, unaona shangazi kaandika "mbona wengine kimya", unajibu, ukitoka hapo unapita kwenye matokeo ya ligi, unapita kwenye video ya mtu anachinja mbuzi Rombo, ukirudi kwenye kitabu hukumbuki nani alimuua nani. Kindle ya kawaida haina wasap. Ina kivinjari cha intaneti ndio, lakini ni kizito hadi unakata tamaa mwenyewe, na mi naona hicho ndo kitu kizuri kuliko vyote walivyokifanya, sijui kama walikusudia.

Kuna habari pia inazunguka kwamba "kusoma kwenye kidude usiku kunaharibu usingizi". Ukifuatilia, utafiti unaotajwa sana ni wa watu wa Boston, hospitali ya Brigham and Women's, ulitoka Desemba 2014, walikuwa washiriki 12 tu, na walichowapa wasomee usiku ilikuwa iPad, mwanga umewekwa juu kabisa, wakalinganisha na kitabu cha karatasi. Wa iPad walichelewa kulala kama dakika 10 na ile homoni ya usingizi ikachelewa kupanda. Sawa, lakini kesi hiyo ni ya tableti. Kindle yenye taa umepunguza mwanga, au isiyo na taa kabisa unasomea taa ya chumba, usiibebeshe kesi ya jirani.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nataka mwongozaji kijana anisikilize vizuri, weka simu chini kidogo. Lugha. Hapa Moshi pesa iko kwenye lugha, Kiingereza kila mtu anajua, anayeongea Kijerumani, Kifaransa, Kihispania ndo anapangiwa makundi. Na Kindle kwa kujifunza lugha hakuna kinachoikaribia. Unasoma hadithi ya Kijerumani, neno likikushinda unalishika kwa kidole, maana inatokea hapo hapo, unaendelea, hujafunga kitabu, hujatafuta kamusi kwenye begi. Yenyewe inakuwekea maneno yote uliyoyashika sehemu moja, jioni unayapitia kama vile mwalimu kakuandalia zoezi. Kero yake ni kwamba maana inakuja kwa Kijerumani hicho hicho, maana kamusi zinazokuja nayo kwa kawaida ni za lugha moja, kwa hiyo anayeanza kabisa atapata shida miezi ya mwanzo, unashika neno moja unaletewa mengine matano usiyoyajua. Lakini aliyefika kati kati, yani anaelewa mgeni akiongea ila hawezi kumjibu sentensi ndefu, huyo ikimpata atapaa.

Na vitabu vya kuweka viko bure. Kuna maktaba ya mtandaoni inaitwa Project Gutenberg, ilianzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ndio, 1971, kompyuta zilikuwa ukubwa wa chumba, akaanza kwa kuandika mwenyewe tamko la uhuru wa Marekani. Leo ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo hakimiliki zake zimeisha huko Marekani, Kiingereza ndo kingi, Kijerumani na Kifaransa vipo vya kutosha. Kitabu kizima cha maandishi matupu mara nyingi hakifiki hata MB moja, bando la bei ndogo kabisa unajaza vya mwaka. Unapakua EPUB, yani faili la kitabu cha mtandaoni, unajitumia kwa baruapepe ya hiyo Kindle, tangu 2022 Amazon wanazipokea EPUB kwa njia hiyo, ila kwa waya Kindle ya Amazon haifungui EPUB, hapo unapakua lile faili la Kindle lililoko hapo hapo Gutenberg, Kobo yenyewe haina longolongo inazisoma moja kwa moja.

Lakini sasa njoo kwenye vitu vyetu vya kazi. Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kilele cha Uhuru Oktoba 1889 na mwenzake Purtscheller, aliandika safari yake, kila mwongozaji anamtaja huyo mtu kila wiki na wengi hatujawahi kusoma alichosema mwenyewe, wala kuona alivyowaandika waliombebea mizigo, ambapo mi nadhani wagumu mngekuwa na la kuongeza. Maandishi yake yapo intaneti bure, ila yameskaniwa kurasa kama picha. Weka PDF ile kwenye Kindle ya inchi 6 uone, herufi zinakuwa sisimizi, ukikuza inabidi usukume ukurasa kushoto kulia kila mstari na kioo kinajivuta, utaitupa nje ya hema. Hapo tableti inashinda na sina ubishi. Vivyo hivyo vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vilivyoko mtandaoni, mitihani ya NECTA ya miaka ya nyuma, ramani, vyote ni PDF. Mwanafunzi wa form four mpe tableti, sio Kindle, ila mfutie hizo apu zingine, akilia mwache alie.

Na vitabu vya ndege na mimea, vile vyenye picha za rangi, usijisumbue hata na hizi Kindle mpya za rangi, Amazon wametoa yao 2024 na Kobo nao mwaka huo huo, rangi zake zimepauka kama khanga iliyofuliwa sana, na mgeni anataka kujua yule ndege chozi kwenye lobelia ana kijani gani. Kitabu cha karatasi unapekua kwa dole gumba, umefika kabla ndege hajaruka.

Nilisema mambo mawili. La kwanza ni Kiswahili. Ingia duka la Amazon utafute riwaya za Kiswahili, zile tulizosoma shule, zile za wachapishaji Mkuki na Nyota, utapata vichache sana ukilinganisha na rafu moja tu ya duka la vitabu. Waandishi wetu wako kwenye karatasi. Kwenye simu wapo pia, wengine wanauza hadithi kwa vipande huko wasap, na nyingine zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa bila ruhusa ya mwandishi, jambo ambalo tunalifanya huku tunalalamika hakuna waandishi wapya. Kwa hiyo mtu anayesoma Kiswahili peke yake ukimpa Kindle umempa sufuria bila unga. Huyo mwambie apite maktaba ya mkoa hapa hapa mjini, au kwa wale wanaouza vitabu vilivyotumika, awahi kabla kurasa hazijafungiwa karanga.

La pili ni umiliki. Hili watu hawalijui. Ukibonyeza kununua kitabu Amazon unapewa ruhusa ya kukisoma, kitabu chenyewe mara nyingi kinabaki na kufuli lao. Mwaka 2009 mwezi wa saba, watu Marekani waliamka wakakuta vitabu vya George Orwell vimefutwa kwenye Kindle zao, aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo, Amazon wakavifuta kwa mbali na kurudisha hela. Na kimojawapo, cheki balaa, ni kile kinachoitwa 1984, kinachohusu serikali inayofuta maandishi! Jeff Bezos akaomba radhi hadharani, akakiri walifanya ujinga. Haya, Februari 26, 2025 wakaondoa ile njia ya kushusha kitabu ulichonunua kwenye kompyuta yako na kukihamisha kwa waya. Yani kila mwaka kamba inafupishwa kidogo.

Linganisha na karatasi. Kitabu ukikinunua leo hapo mjini unakisoma, unamuazima jirani, jirani anamuazima shemeji, kinafika Kibosho, kinarudi hakina jalada, au hakirudi, lakini kimesomwa na watu sita kwa hela ya mtu mmoja. Kwa sisi huku kusoma kunaenda hivyo, wengi wetu tumesoma vya kuazima zaidi ya vya kununua. Kindle inataka kila mtu awe na kidude chake, kadi yake, akaunti yake. Na kumuazima mtu Kindle ni kumuazima maktaba nzima, hutalala.

Mwalimu pale aliuliza kabla hatujaanza kama ni kweli mtoto anaelewa vizuri akisoma karatasi. Kuna uchambuzi ulitoka 2018, uliunganisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, ukakuta ndio, karatasi inaongoza kidogo, hasa kwa masomo ya taarifa kama historia na sayansi, na hasa mtu akiwa anakimbizana na muda. Kwa hadithi tofauti haikuonekana. Mi naisoma hivi: riwaya soma popote, lakini kitu cha kwenda kufanyia mtihani chapisha kama una uwezo, piga mistari, andika pembeni. Na mtoto mdogo wa chekechea mpe karatasi tu, airarue, atapaka ugali, ndo anavyokifahamu kitabu.

Kwa hiyo mgeni akikupa Kindle fanya hivi kabla hajaondoka, sio baada, akishafika kwao hajibu meseji au amesahau. Mwambie aingie mwenyewe kwenye mipangilio aondoe jina lake, aitoe kwenye akaunti yake. Ikibaki kwenye akaunti yake, vitabu vinavyoingia ni vya kwake na hela ni yake, siku ukibonyeza kununua kwa bahati mbaya mtakosana bure. Na mtu akiripoti huko kwamba imepotea au imeibiwa, Amazon wanaweza kuifungia isisajiliwe tena, kwa hiyo zile za kuokota na za kuuziwa gizani stendi achana nazo. Ikishakuwa safi unafungua akaunti yako, baruapepe inatosha kuanzia, kadi ya benki sio lazima kama unaweka vya bure.

Maswali mawili nijibu nikae. Kaka aliyeuliza kama anunue mpya, kaka kama unasoma Kiingereza au Kijerumani kitabu kizima kila mwezi, nunua, na mi ningechukua Kobo kwa sababu ya hizo EPUB, ila nyingine iliyotumika ya miaka mitano nyuma inatosha, herufi ni nyeusi zile zile. Kama husomi sasa hivi, usinunue ukidhani itakufanya usome, nenda kaazime kitabu kwanza.

Na dada yangu uliyeachiwa ile yenye vitufe chini kama simu ya zamani, hiyo ni Kindle ya matoleo ya zamani, haina taa, lakini kama kioo hakina mstari ni nzima hiyo, usiiuze. Jumamosi ijayo tuko hapa hapa saa nane, uje nayo nikuwekee vya Kijerumani vyepesi vya kuanzia, na kama una ule waya mdogo wa simu za zamani uubebe, mi wa kwangu umebaki mmoja na kuna watu wanne washanitajia wanakuja.